Kukosa, Kukosea, Kukosekana: Safari ya Neno "Miss" Katika Lugha za Ulaya

Mwenzetu mmoja alisoma hadithi yake fupi katika semina ya uandishi. Ndani yake kijana anamwandikia barua mchumba wake aliye mbali, na katikati ya barua anasema: "nimekumiss". Hadithi ilirudishwa ikiwa na mstari mwekundu chini ya neno hilo, na pembeni maneno mawili tu: "Si Kiswahili." Basi mjadala ukawaka. Kundi moja likadai kwamba Kiswahili hakina kisawe cha neno hilo, na eti palipokosekana neno, hata hisia yenyewe haipo. Kundi la pili likaorodhesha hamu, shauku na ukiwa, likamtaka kijana wa watu achague mojawapo aache kuiga Wazungu. Mimi siku ile sikusema kitu. Nilikwenda maktaba kuangalia Wazungu wenyewe walifanyaje neno hili la Kiingereza lilipowafikia wao. Maana kila upande ulikuwa unaapa kwa Ulaya bila kuichungulia.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Zamani sana, katika Kiingereza cha kale, "missan" lilikuwa neno la mtupa mshale: kulenga na kutopata. Halikuwa na machozi wala barua za usiku. Ilichukua karne kadhaa, hadi kufikia mwisho wa karne ya 15, ndipo neno lilipoanza kubeba maana ya kuona kwa majonzi kwamba mtu fulani hayupo. Msomaji wa Kiswahili hapa atatabasamu, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kitenzi chetu "kukosa". Mwindaji amemkosa swala. Mgeni amemkosa mwenyeji. Mama amemkosa mwanawe. Hatua ya mwisho tumeipiga nusu tu. "Nimekukosa" bado kunanukia mlango uliobishwa bila kuitikiwa. Lakini mzizi wa picha ni uleule, na Kiingereza hakikuwa na kingine cha kujivunia zaidi ya huo.

Sasa mfasiri wa Kifaransa anakutana na sentensi "I miss you". Anayo "manquer". Kwanza tujue kwamba hata hilo si lake: Kifaransa kililiazima kutoka Kiitaliano, "mancare", nacho Kiitaliano kililipata katika Kilatini "mancus", yaani mwenye kilema cha mkono. Pili, kitenzi hiki kinageuza sentensi miguu juu. Mfaransa hasemi kwamba yeye anamkosa mpenzi. Husema "tu me manques", yaani wewe ndiwe unayepungua kwangu. Mtenda ni yule ambaye hayupo! Aliyebaki nyumbani analia amewekwa pembeni kama mtendewa. Wanafunzi wa Kiingereza wanaojifunza Kifaransa huanguka hapa kila mwaka: huandika "je te manque" wakidhani wanalalamika upweke wao, kumbe wanamwambia mwenzao "unanihamu". Barua ya unyenyekevu inageuka barua ya majivuno.

Kuna jambo jingine katika kitenzi hiki ambalo sijaona likisemwa na wahakiki wetu. Kwa Kifaransa, kumkosa mtu bila kihusishi ni kumpiga risasi isimpate, au kufika kituoni akawa ameshaondoka. Ukiongeza kihusishi "à", unapata mambo mawili: kupungukiwa na mtu, na pia, hasa katika Kifaransa cha zamani, kumvunjia mtu heshima. Yaani ni kukosa na kukosea. Sisi kazi hiyo tumeipa kiambishi cha kutendea, wao wameipa kihusishi. Mfasiri wa riwaya ya Kifaransa kwa Kiswahili akikutana na kitenzi hiki katika mazungumzo ya wapenzi wawili walionuniana, atakuwa na bahati ambayo mfasiri wa Kiingereza hana. Mwingereza lazima achague: ama wanahamuana, ama wametukanana.

Mjerumani ana njia mbili. "Vermissen" ni ndugu wa damu wa neno la Kiingereza, na mpangilio wake ni uleule: mimi nakukosa wewe. Lakini pia ana "du fehlst mir", wewe unapungua kwangu, na "fehlen" hilo lilitoka Kifaransa cha kale, "faillir", katika zama za kati. Kwa hiyo Mfaransa ameazima kwa Mwitaliano, Mjerumani ameazima kwa Mfaransa, na hakuna aliyepigiwa mstari mwekundu.

Kisa cha Kihispania ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote. Wahispania husema "echar de menos". Ukikifasiri neno kwa neno unapata upuuzi mtupu: "kutupa kwa pungufu". Siri yake ni kwamba walilisikia kwa jirani zao Wareno, waliokuwa wakisema "achar menos", kuona pungufu, kama mchungaji anayehesabu mbuzi jioni akakuta idadi haitimii. Mhispania hakuwa na kitenzi "achar". Akakikaribisha kwa sauti ya kitenzi alichokuwa nacho, "echar", kutupa. Wakati wa Cervantes bado walikuwa wanasema "echar menos"; kile kihusishi cha katikati kimekaa baadaye. Yaani taifa zima linaonyesha huzuni yake kwa kosa la masikio, na hakuna Mhispania anayelala njaa kwa sababu hiyo. Amerika ya Kusini wengi wamekwepa wakachukua "extrañar", ambalo asili yake ni ugeni: kukuwazia wewe ni kuona dunia imekuwa ngeni. Mrusi naye hutumia "skuchat", kitenzi kilekile anachokitumia akichoshwa na hotuba ndefu. Mhungaria anamaliza yote kwa neno moja, "hiányzol", unapungua.

Na Wareno je? Hao wana "saudade", ambayo watu huiimba kama neno lisilofasirika duniani. Mfalme Duarte wa Ureno alishaijadili katika karne ya 15, katika kitabu chake Leal Conselheiro, akiitofautisha na huzuni ya kawaida. Sibishi kwamba ni neno tamu. Lakini asili yake ni Kilatini cha upweke, "solitas", neno ambalo majirani wote wa Ureno walilirithi. Utamu umetokana na jinsi lilivyotumiwa, karne baada ya karne, na washairi na mabaharia.

Hata maneno mengine ya Kiingereza ya kutokuwapo ni ya wageni. "Absence" ni Kifaransa na Kilatini. "Homesick" limefuata nyayo za "Heimweh" la Kijerumani cha Uswisi. "Nostalgia" lilibuniwa mwaka 1688 mjini Basel na mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, aliyetaka jina la kisayansi la ugonjwa wa wale wanaoumwa na kwao. Akaunganisha Kigiriki cha kurudi na Kigiriki cha maumivu. Tasnifu ya mwanafunzi, jamani! Na Johann Bode alipokuwa anafasiri kwa Kijerumani safari ya Laurence Sterne mwaka 1768, akakwama kwenye neno "sentimental", Lessing alimshauri atumie "empfindsam", na hoja yake ilikuwa kwamba kama mwandishi ana ruhusa ya kuleta neno jipya, mfasiri naye anayo.

Nipite haraka kwenye "nothing" na "nobody", maana wenzetu wa tamthilia wameyasema mengi. Cordelia katika King Lear anamjibu baba yake kwa neno la kutokuwapo, na ufalme unaporomoka. Mfaransa hulifasiri kwa "rien", ambalo kwa asili ya Kilatini lilikuwa "kitu". Mhispania hutumia "nada", lililotokana na "kitu kilichozaliwa". Maneno haya yalikaa na ukanushi muda mrefu mpaka yakaambukizwa. Nalo "personne" la Kifaransa ni mtu na si mtu kwa wakati mmoja, ndiyo maana mchezo wa Lewis Carroll wa mwaka 1871, pale Alice anapomwona Nobody barabarani na Mfalme akamwonea wivu kwa macho yake makali, unamwendea Mfaransa vizuri ila kwa ukanushi wa "ne" unaomharibia. Sisi tungekwama kabisa: "hakuna mtu" ni sentensi, na sentensi haitembei barabarani.

Lakini jambo lenyewe zito liko kwingine. Mwaka 1914 vita vilipoanza, neno "missing" lilitoka katika barua za wapenzi likaingia katika fomu za serikali. Askari ambaye hakuitikia jina lake, maiti yake haikuonekana, wala adui hakumtangaza kuwa mfungwa, aliandikwa hivyo. Lilipaswa kufasiriwa haraka, tena kwa usahihi, kwa sababu Shirika la Msalaba Mwekundu mjini Geneva lilikuwa linapokea maulizo ya familia kutoka pande zote za vita. Kadi zilizojazwa pale zilifikia milioni 7. Mfaransa aliandika "disparu", aliyetoweka machoni. Mwitaliano aliandika "disperso", aliyetawanyika. Mjerumani aliandika "vermisst".

Tazama tofauti. "Disparu" kwa Kifaransa ni pia tafsida ya marehemu. Mama aliyeipokea barua hiyo alikuwa ameshapewa nusu ya msiba. "Disperso" linabakiza matumaini ya mtu aliyepotezana na kikosi, ila kwa mizinga ya vita vile kutawanyika kungeweza kuwa kweli kwa namna ya kutisha. "Vermisst" lilikuwa neno ambalo yule mama mwenyewe angelitumia kumwambia mwanawe kwamba anamhamu. Karani ameandika hesabu, mama amesoma kilio. Kiingereza nacho kina fumbo hili, ingawa Mwingereza hutenganisha kidogo "missing" ya orodha na "missed" ya moyo. Mwandishi E. M. Forster aliijua kazi hii kwa karibu: kuanzia mwaka 1915 alikuwa Alexandria, Misri, akifanya kazi ya Msalaba Mwekundu ya kuwahoji majeruhi hospitalini ili kujua wenzao waliokosekana walionekana wapi mara ya mwisho. Mtu wa riwaya kazi yake ikawa kuuliza: ulimwona lini?

Tarehe 24 Julai 1927, mjini Ypres, Ubelgiji, lilizinduliwa lango la Menin, lenye majina zaidi ya 54,000 ya watu hao. Mtu hana kaburi lakini ana herufi zake kwenye jiwe. Neno la kutokuwapo limetengenezewa jengo.

Mwaka huohuo wa 1927 ilisimamishwa sanamu ya Askari hapa Dar es Salaam. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Majina hayamo. Wapagazi wa Carrier Corps walituachia jina la Kariakoo hapa na Kariokor kule Nairobi, lakini ukitaka kumtafuta mmoja wao kwa jina la babake, utaondoka mikono mitupu. Mwaka 2021 kamisheni ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Hapo ndipo kisawe kinaposhindikana kweli. Ili uwe "missing" lazima kwanza uwe uliandikwa mahali, karani akuite usiitike. Mpagazi ambaye jina lake halikuhifadhiwa hakuwa "missing", wala "disparu", wala "vermisst". Alikosekana nyumbani tu, na nyumbani hapakuwa na fomu.

Kihispania kilikuja kulipa deni lake kwa Kiingereza baadaye. Udikteta wa Argentina wa mwaka 1976 hadi 1983 uliifanya dunia ijue neno "desaparecidos", na Kiingereza kikalazimika kumtendesha mtu kitenzi cha kutoweka. Joseph Heller alikuwa ameshacheza na sarufi hiyo katika Catch-22, mwaka 1961, na wahusika wake wanashangaa inawezekanaje. Kwa Kiswahili hakuna cha kushangaa: amepotea, amepoteza, amepotezwa. Kila mtu anaelewa nani alikuja usiku na gari.

Nirudi kwenye hadithi ya mwenzetu. Waliomtaka aandike "hamu" au "shauku" wakumbuke kwamba yote mawili tuliyapokea kutoka Kiarabu, kama tulivyopokea "ghaibu" tukajengea "ughaibuni". Ningekuwa mimi ndiye msahihishaji ningemwachia kijana "nimekumiss" yake, kwa kuwa anazungumza kama kijana wa chuo na msichana anayemwandikia angemcheka akianza na shauku. Alama ningempunguzia kwingine. Barua ina kurasa tatu, na mpaka tunaifunga hatujaambiwa huyo mchumba alikwenda wapi, wala kwa nini harudi.