Barabara Kuu na Haki ya Kuvuka: Mbeya na Iringa

Neno kivuko ni la kale katika Kiswahili. Asili yake ni majini: mahali ambapo msafiri hutoka ukingo mmoja wa mto akafika wa pili, kwa mtumbwi, au kwa miguu penye maji haba. Katika miji ya leo neno hilo limehamia nchi kavu, likawa jina la mistari myeupe iliyochorwa barabarani. Uhamisho huo una kweli ndani yake. Kwa mtu aliyesimama Mwanjelwa wakati wa jioni, mzigo kichwani au baiskeli mkononi, mkondo wa magari ulio mbele yake hautofautiani sana na mto uliofurika. Historia ya mto huo na ya vivuko vyake yastahili kuelezwa, hasa wakati huu ambapo mto wenyewe unapanuliwa.

Iringa na Mbeya hazikuzaliwa na barabara. Jina la Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga ilibomolewa na Wajerumani mwaka 1894, kisha mji mpya ukajengwa juu ya mwinuko, na mto Ruaha Mdogo ukipita chini yake. Mbeya ni mdogo kwa umri. Ulianzishwa mwaka 1927, siku za dhahabu ya Lupa, chini ya mlima Loleza. Katika zama za utawala wa Mwingereza miji hiyo iliunganishwa na Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotoka Rhodesia ya Kaskazini ikapita Tunduma, Mbeya, Iringa na Dodoma, hata kufika Nairobi. Ilikuwa njia ya udongo na changarawe, yenye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Magari yalikuwa machache. Aliyesikia ngurumo ya lori alipata nafasi ya kutosha kujitenga kando, akangoja vumbi litue, akaendelea na safari yake.

Hali hiyo iligeuka kwa sababu ya siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao peke yao. Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za kusini kwa mafuta na kwa shaba yake, ililazimika kuelekeza uso Dar es Salaam. Malori ya mafuta na ya shaba yakamiminika katika njia ile ya udongo, na ajali zikawa nyingi hata ikabandikwa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilifunguliwa mwaka 1968. Barabara yenyewe ikatiwa lami kwa mikopo ya Marekani na ya Benki ya Dunia, kazi iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nayo reli ya TAZARA ikajengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975.

Hapana shaka kwamba lami hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Iliponya uchumi wa jirani na kusaidia ukombozi wa kusini mwa bara hili. Lakini ilipimwa kwa haja ya wasafiri wa mbali: uzito wa malori, ukali wa miteremko, saa za kutoka bandarini hadi mpakani. Anayetoka upande mmoja kwenda kisimani au shuleni upande wa pili hakuwa na hesabu kubwa katika vipimo hivyo, na pengine wakati huo haikuonekana ajabu, maana mahali pengi barabara ilipita kando ya makazi.

Kisha miji ikaifuata barabara. Mji wa kale wa Mbeya ulikuwa juu, karibu na mlima. Barabara ilipita chini. Biashara ikashuka kuifuata. Mwanjelwa, Mafiati, Soweto, Ilomba na Uyole zikajaa nyumba, maduka, masoko na vituo vya mabasi, hata njia iliyokuwa pembezoni ikawa tumbo la jiji. Kwa hesabu ya sensa, Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279 mwaka 2012, na 541,603 mwaka 2022. Iringa mambo yalikwenda vivyo hivyo kwa kiasi kidogo: mji ulibaki mwinukoni, lakini Ipogolo, mahali pa kuachana na barabara kuu ili kupanda mjini, pakawa mtaa wenye watu pande zote mbili za lami.

Wahenga walisema: mwenye nguvu mpishe. Methali hiyo ndiyo iliyotawala barabarani tangu lori la kwanza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliigeuza juu chini. Ilimpa haki aliye dhaifu, ikamwamuru dereva ampishe mtu aliyekwisha kuingia katika kivuko. Lakini rangi ya kivuko hufutwa na mvua na magurudumu, na mwendo wa lori lishukalo mteremko haupunguzwi na rangi.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha jambo lilivyo. Barabara ya njia mbili ina upana wa mita saba hivi. Mtu mzima mwenye afya huivuka kwa sekunde sita. Ikifanywa njia nne, pasipo mahali pa kupumzika katikati, huhitaji sekunde kumi na mbili. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo katika maeneo ya makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde kumi na mbili litakuwa limekwenda zaidi ya mita 160. Mvukaji anatakiwa basi kulipima gari ambalo pengine halijatokeza bado. Mtoto hawezi kupima hivyo. Bibi mwenye gunia la viazi hawezi kukimbia.

Dawa ya kwanza inayotajwa ni daraja la juu. Daraja lina faida yake penye mwendo mkali, lakini ili malori yapite chini lazima liinuliwe zaidi ya mita tano, na mita tano ni ngazi nyingi. Mwenye baiskeli iliyobeba madumu ya maziwa hawezi kuipandisha, naye mchuuzi aliyechoka huchagua hatari ya sekunde chache kuliko jasho la hakika. Kisha hulaumiwa kwa uzembe. Kivuko cha chini kwa chini, kisipokuwa na taa na mfereji mzuri, hujaa maji na hofu. Dawa nyingine ni nyepesi zaidi: kivuko kilichoinuliwa kama tuta pana, ambacho gari ndilo hupanda na mtu hupita sawa; kisiwa cha katikati, kinachogawa safari moja ndefu kuwa mbili fupi; taa za kuongozea magari karibu na masoko; na njia ya baiskeli isiyokatwa ghafla na mtaro.

Uholanzi, inayosifiwa leo kwa baiskeli zake, haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara zake, wakiwamo watoto wengi. Wazazi waliandamana, serikali ikaanza kujenga upya njia na vivuko, na kwa miaka mingi sasa idadi hiyo imekuwa chini ya 1,000. Nchi ile ilijifunza kwa makaburi jambo ambalo wengine waweza kujifunza kwa kusoma.

Mwaka 2023 ilianza kazi ya kuipanua barabara ya Mbeya kuwa njia nne, toka Nsalaga upande wa Uyole hadi Ifisi, karibu na uwanja wa ndege wa Songwe, urefu wa kilomita 29. Imo pia mipango ya barabara za mchepuko, Mbeya kwa malori ya mpakani, na Iringa kwa malori yashikayo njia ya Dodoma, iliyozinduliwa kwa lami mwaka 2018. Mipango hiyo ni mizuri. Ila historia ya miji hii miwili yaonya kwamba mchepuko wa leo ni mtaa wa kesho. Barabara ya miaka ya 1970 nayo ilipita kando, na mji ukaifuata.

Kwa sababu hiyo kivuko kisihesabiwe kuwa zawadi inayoongezwa baada ya msiba, watu wanapokuwa wamekwisha kupanga mawe barabarani kwa hasira. Kihesabiwe kuwa sehemu ya barabara, sawa na daraja la mto. Hakuna mhandisi aliyepata kufika ukingoni mwa Ruaha Mdogo akajenga lami pande zote mbili, kisha akayaambia malori yatazame kushoto na kulia, yaombe Mungu, yavuke.