Kikombe cha Samunge na sindano ya insulini

Kuna wakati barabara ya vumbi iendayo Samunge, tarafa ya Loliondo, ilijaa magari kuliko Kariakoo mkesha wa Idi. Ilikuwa Machi 2011. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Masapila, aliyeitwa Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa Sh500. Kisukari kilitajwa pamoja na Ukimwi, saratani, pumu na kifafa. Babu alifariki Julai 2021, lakini suala la kisukari halikuzikwa naye.

Historia ya insulini, dawa ya kisukari inayochomwa kwa sindano, ni fupi. Mwaka 1921 mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliipata kutoka kongosho la mbwa. Januari 11, 1922 alichomwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Sindano ile haikumfaa, maana dawa ilikuwa na uchafu na mwili wake ukaikataa. Wakasimama. Mkemia James Collip akaisafisha, na Januari 23 wakamchoma tena. Safari hii sukari ikashuka.

Mimea nayo ina historia yake hospitalini. Metfomini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari wanakimeza leo, asili yake ni galega, mmea wa Ulaya uliojulikana kwa kudhuru mifugo. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Kwa hiyo anayesema mti hauwezi kuwa dawa ya sukari hajui asemalo.

Turudi Samunge, maana ndiko kwenye kisa. Wagonjwa walitoka Mwanza, Dar es Salaam na Kenya. Wengine walifika kwa helikopta. Waliokuja kwa magari walilala njiani siku kadhaa, na wapo waliotolewa wodini wakafia kwenye foleni. Wizara ya Afya mwanzoni ilitaka huduma isimame mpaka dawa ichunguzwe. Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi ya Kaskazini Kati akasimama upande wa mchungaji wake. Wanasiasa nao wakapanga foleni, wakanywa, wakapigwa picha. Baada ya hapo nani angethubutu kufunga barabara? Serikali ikageuka kuwa msimamizi wa foleni, na mwisho wa Machi ni Babu mwenyewe aliyeomba watu wasije kwanza hadi baada ya Aprili 1, ili waliofika wahudumiwe. Mbeya na Tabora wakazuka watoa vikombe wengine.

Wataalamu wa Serikali walipima dawa ile na kusema kwa kipimo kile haina sumu. Watu wakasikia kwamba inaponya. Hapo ndipo lilipotokea kosa kubwa la msimu ule, na sisi wa magazeti tulilisambaza.

Mti wenyewe ni mugariga, ambao wanasayansi wanauita Carissa edulis. Haukuwa mgeni maabara. Mwaka 1996 watafiti wa Misri walichapisha matokeo kwamba dondoo la mti huo lilishusha sukari ya panya waliotiwa kisukari. Lakini walitumia majani, na Babu alichemsha mizizi. Mwaka 2006 watafiti wa Kenya walitumia magome ya mizizi, ila walikuwa wakipambana na virusi vya malengelenge, tena kwa panya. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyempa binadamu kikombe kimoja na kumwambia amepona sukari.

Tena Babu alisema dawa haifanyi kazi ila itolewe kwa mkono wake, kwa imani. Kauli hiyo iliwafungia watafiti mlango. Ukipeleka mzizi maabara ukakosa matokeo, utajibiwa kwamba imani haikuwapo. Na pale kijijini mtu alikunywa kwa dakika moja, gari likageuzwa. Sukari haipimwi kwa mwendo huo. Thompson alipimwa kabla na baada ya sindano, na ya kwanza iliposhindwa madaktari walikiri.

Aliyekuwa na mengi ya kupoteza ni mgonjwa anayeishi kwa insulini. Mwili wake hauitengenezi, na akiiacha asidi hujaa kwenye damu, akafa ndani ya siku chache. Hospitali ya Muhimbili wanalijua hilo siku nyingi. Utafiti wa Profesa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1990, ulifuatilia wagonjwa 1,250 waliosajiliwa hapo kati ya 1981 na 1987, na ukaonyesha jinsi asidi hiyo ilivyowaua waliotegemea sindano. Mgonjwa wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa kikombe kimoja kinatosha.

Baada ya foleni kuisha, habari nazo zikaisha. Magari yalirudi mjini, waandishi tukahamia kisa kingine. Mlonge, karela na mbegu za zambarau bado vinauzwa sokoni kwa wenye sukari, kila muuzaji na kipimo chake.

Kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili kilianzishwa mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Vyote vilikuwapo foleni ilipoanza, na bado sayansi ilifika Samunge nyuma ya magari. Taasisi ile ipewe fedha za kupima dawa hizi kwa wagonjwa wenyewe, hospitalini, huku sindano zao zikiendelea. Na wewe unayejichoma insulini, ukitaka kunywa mzizi wowote, mwambie daktari wako kwanza, na sindano usiiache.