Mitumbwi ya Sese, Basi la Butembo: Wasafiri wa Nchi Jirani Wakati wa Maradhi

Katika masomo ya uraia tumezoea kuueleza mpaka kuwa ni mstari uliochorwa kwenye ramani na kulindwa na askari. Msafiri anauona vingine. Kwake yeye mpaka ni kipande cha njia iendayo sokoni, kwa wakwe, hospitalini au mazikoni. Maradhi ya mlipuko yanapozuka, serikali huutazama mstari, naye msafiri huitazama njia. Historia ya majirani zetu wa Uganda na Kongo yaonyesha kwamba ni nadra watu kuacha kusafiri. Hubadili chombo, hubadili kivuko, hubadili namna ya kusalimiana, na wakati mwingine hubadili hata majina yao.

Tuanze na Ziwa Viktoria. Mwaka 1901 ndugu wawili, madaktari Albert na Jack Cook wa Hospitali ya Mengo, walianza kuwatambua wagonjwa wa malale, maradhi ambayo Waganda waliyaita mongota. Mwaka 1903 David Bruce, akifanya utafiti Entebbe, alibainisha kwamba vimelea vyake huenezwa na mbung'o. Mbung'o wa ziwani hupenda vichaka vyenye kivuli kando ya maji, pale pale mitumbwi inapoegeshwa, samaki wanapoanikwa na maji yanapotekwa. Kwa hiyo aliyekuwa hatarini zaidi ni mtu wa majini. Na watu wa majini hawakuwa wachache: wenyeji wa visiwa vya Sese ndio waliokuwa waundaji wa mitumbwi na wapiga makasia wa Kabaka, waliobeba askari, wajumbe na bidhaa za Buganda kwa vizazi vingi.

Hesketh Bell, aliyefika mwaka 1906 kuiongoza Uganda kwa niaba ya Waingereza, aliamua kuwatenga watu na mdudu. Wakazi wa pwani ya ziwa waliamriwa kuhamia bara, umbali wa maili 2 hivi kutoka majini. Machifu wa Buganda, chini ya Katikiro Apolo Kagwa, walitumika kuisimamia amri hiyo. Kisha ikaja zamu ya visiwa. Kufikia mwaka 1909 Sese nayo ilikuwa imehamishwa. Uvuvi ulipigwa marufuku katika maeneo hayo, na vyombo viliruhusiwa kutia nanga katika vivuko vichache tu vilivyofyekwa vichaka.

Vifo vilipungua, na haifai kulificha hilo. Maradhi yale yaliua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda, na kuondoka ufukweni kuliwaokoa wengi. Lakini mtu aliyekula samaki tangu utotoni hageuki mkulima wa ndizi kwa tangazo la gavana. Watu walirudi ziwani kwa siri, wakavua na kuvuka kupitia vichaka ambavyo havikufyekwa, maana vivuko vilivyofyekwa vilikuwa na walinzi. Hapo ndipo ilipo kejeli ya jambo lenyewe: aliyekwepa kivuko halali alijipeleka kwa mbung'o.

Upande wetu wa ziwa, Wajerumani nao walijenga kambi za wagonjwa, Shirati na karibu na Bukoba. Mwaka 1908 Uingereza na Ujerumani zikatiliana saini mkataba wa kupambana na malale, ambao pamoja na mengine ulihusu kuwazuia wagonjwa wasivuke kutoka himaya moja kwenda nyingine. Mpaka wa majini, ambao mpiga kasia hakuwahi kuuona wala kuuhitaji, ulipata maana kwake kwa sababu ya ugonjwa. Binafsi nauhesabu mkataba huo kuwa miongoni mwa nyaraka muhimu katika historia ya mipaka yetu, ingawa vitabu vya shule huupita kimya. Watu wa Sese walikaa bara kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuruhusiwa kurejea. Reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu tangu mwaka 1901, meli za mvuke zilikuwa zikibeba mizigo, na kazi ya kasia haikurudia hadhi yake ya zamani.

Karibu karne moja baadaye, mchezo ule ule ulichezwa nchi kavu. Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini, eneo lenye biashara nyingi, barabara mbaya na makundi ya waasi. Hadi ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Barabarani kulizuka desturi mpya. Basi lilisimama kizuizini, abiria wakashuka, wakanawa mikono kwa maji yenye klorini, wakapimwa joto kwenye paji la uso, wakapanda tena. Kupeana mikono, ambako ni nusu ya adabu katika nchi zetu, kuliachwa. Watu wakagusana viwiko. Mpakani kati ya Goma na Gisenyi, ambako makumi ya maelfu ya watu huvuka kwa miguu kila siku, wengi wao wanawake wachuuzi, ndoo za kunawia zilikuwa sehemu ya safari kama vile kitambulisho.

Julai 2019 mchungaji mmoja alisafiri kwa basi kutoka Butembo hadi Goma akiwa ameanza kuumwa. Alipita vizuizi vya afya njiani, na Wizara ya Afya ya Kongo ikaeleza kwamba alikuwa akitaja majina tofauti alipoulizwa. Alipofika Goma aligundulika kuwa na Ebola, na siku chache baadaye alifariki. Dereva na abiria wenzake ikabidi watafutwe ili wachanjwe.

Kwa nini mtu wa Mungu afiche jina lake? Tusikimbilie kumlaumu. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshambuliwa na kuchomwa moto Februari ya mwaka huo. Kabla ya hapo, Desemba 2018, serikali iliahirisha uchaguzi katika Beni na Butembo hadi Machi, kwa sababu ilizozitaja kuwa Ebola na usalama, wakati kwingineko nchini watu walipiga kura na rais mpya akaapishwa Januari. Wananchi wa Beni waliandamana, wakaandaa kura yao ya mfano, wakajipanga foleni na kunawa mikono kabla ya kupiga. Masoko na makanisa yalikuwa wazi wakati wote huo. Mwananchi aliyeona ugonjwa ukitumiwa kumnyima kura, atakuwa na sababu gani ya kuliamini daftari la kizuizini?

Mwezi mmoja kabla ya safari ya mchungaji huyo, familia iliyotoka kumzika babu yao Kongo iliingia Uganda, wilaya ya Kasese, kwa njia ya panya. Mtoto wa miaka 5 na jamaa zake wawili walikufa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lilipotangaza dharura ya kimataifa tarehe 17 Julai 2019, lilizisihi nchi zisifunge mipaka: mlango ukifungwa, watu hupita pasipo na ndoo wala kipimajoto. Rwanda ilifunga mpaka wa Goma tarehe 1 Agosti, kisha ikaufungua siku ile ile.

Korona ilipoingia, Machi 2020, ushauri wa namna hiyo haukupewa nafasi. Uganda ilizuia wasafiri lakini ikaruhusu malori, kwa kuwa nchi isiyo na bahari haiwezi kujifungia bila kujinyima mafuta. Foleni za Malaba zilirefuka kwa kilomita nyingi huku madereva wakisubiri majibu ya vipimo, na dereva wa masafa marefu, aliyezoea kukaribishwa chai kila mji, akawa mtu wa kuepukwa. Bodaboda zilikatazwa kubeba abiria tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Julai, zikabeba mizigo.

Gisenyi na Goma nako, wachuuzi waliozoea kuvuka na mzigo kichwani walizuiwa kupita, lakini shehena ziliendelea kuruhusiwa. Wakaunganisha mizigo yao katika vyama vya ushirika: nyanya za huyu, maziwa ya yule, vikapakiwa kwenye lori moja, lori likavuka, wenyewe wakabaki ng'ambo wakingoja fedha kutoka kwa wateja ambao hawakuweza tena kuonana nao ana kwa ana. Rwanda ilifungua tena mipaka yake ya nchi kavu tarehe 7 Machi 2022, takriban miaka miwili tangu ilipofungwa.