Speisa za magurudumu: Pima kwanza, funga baadaye

KATI ya Malindi na Kilifi kuna kilomita 60 hivi za lami, na gurudumu likichomoka katika mwendo huo, hatari haimkabili dereva peke yake. Kwa sababu hiyo speisa, yaani kisahani cha chuma au aluminiamu kinachowekwa baina ya habu na rimu ili kulisogeza gurudumu nje, haifai kununuliwa kwa kukisia.

Speisa ina maana pale rimu inapogusa kalipa ya breki au springi. Ikiwa shabaha ni urembo tu, mwenye gari akumbuke kwamba speisa ya milimita 20 kila upande hutanua nafasi baina ya magurudumu kwa milimita 40, na kuzidisha mzigo wa beringi.

Vipimo

Kwanza ni mpangilio wa nati. Toyota Probox ina nati 4 katika duara la milimita 100. Prado ina 6 katika duara la milimita 139.7. Pili ni tundu la kati, ambalo sharti likae sawasawa na habu. Likipwaya, usukani hutetemeka.

Tatu ni unene. Speisa nyembamba hutumia studi za gari lenyewe, hivyo kila milimita hupunguza mshiko wa nati. Kwa studi ya milimita 12 yenye uzi wa milimita 1.5, nati izunguke walau mara 8 hadi kukaza. Speisa nene huja na studi zake. Hapo hakikisha ncha za studi za awali hazichomozi na kuisukuma rimu. Kamwe usibebanishe speisa mbili.

Kufunga

Hewa ya bahari huotesha kutu upesi. Sugua habu kwa brashi ya waya hadi uso uwe laini, kwani punje moja ya kutu huizuia speisa kulala vyema. Usipake mafuta kwenye studi. Kaza nati kwa kukingamisha, kisha umalizie kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari.

Baada ya safari ya kwenda Kilifi na kurudi Malindi, acha magurudumu yapoe, kisha kagua nati zote upya, zikiwemo zile zilizofichwa nyuma ya rimu.