Mjumbe Hauawi, Bali Hucheleweshwa

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sheria hiyo iliheshimiwa hata na mahasimu wakubwa, kwa sababu kila upande ulijua kwamba kesho nao utahitaji kumtuma mjumbe wake. Lakini iko hila moja ambayo methali hiyo haikuitaja. Nayo ni hila ya mjumbe ambaye hauawi wala hakatazwi kupita, bali hukaribishwa barazani, akapewa maji ya kunywa, akaambiwa asubiri kidogo, na huku jua linazama na ujumbe aliouchukua unazidi kupoteza thamani.

Hila ya namna hiyo ilifichuliwa nchini Marekani katika mwezi wa Agosti mwaka 2023. Tarehe 15 ya mwezi huo gazeti la The Washington Post liliandika kwamba mtandao wa kijamii wa X, ambao zamani ukiitwa Twitter, na ambao tajiri Elon Musk aliununua mwezi Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, ulikuwa ukimchelewesha kwa muda wa sekunde tano hivi kila msomaji aliyetaka kutoka humo kwenda katika tovuti fulani fulani. Miongoni mwa tovuti hizo zilikuwamo za gazeti la The New York Times na shirika la habari la Reuters. Zilikuwamo pia za washindani wa kibiashara wa mtandao huo, yaani Facebook, Instagram, Threads, Bluesky na Substack. Tovuti nyingine zilifunguka mara moja. Habari hiyo ilipotangazwa, siku ile ile kizuizi kilianza kuondolewa kwa baadhi ya tovuti. Gazeti la The New York Times lilisema kwamba halikupewa maelezo yoyote. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwezi Septemba ulionyesha kwamba baadhi ya washindani walikuwa bado wanacheleweshwa.

Namna jambo hilo lilivyofanyika ni rahisi kuielewa. Kila kiungo kinachobandikwa katika mtandao huo, yaani ile anwani ambayo msomaji huigusa ili apelekwe mahali pengine, hakimpeleki moja kwa moja. Kwanza humpitisha katika anwani fupi ya kampuni yenyewe, iitwayo t.co, na ndipo humfikisha aendako. Ni sawa na kijiji ambacho njia zake zote za kutokea zinapita katika ua wa mtu mmoja. Siku za kawaida watu hupita uani bila hata kutambua kwamba kuna ua. Lakini mwenye ua akipenda anaweza kutazama kila mpitaji anakwenda kwa nani, na akiona anakwenda kwa hasimu yake, akamwambia angoje.

Yuko atakayeuliza, je, sekunde tano ni kitu gani? Utafiti uliotolewa na kampuni ya Google mwaka 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wanaofungua ukurasa kwa simu ya mkononi huuacha iwapo utachukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka. Na anayeondoka hamlaumu mwenye ua, kwa kuwa hamwoni. Humlaumu yule aliyekuwa akimwendea. Husema gazeti lile ni zito, mitambo yao ni mibovu, afadhali kusoma kwingine. Hapo ndipo ilipo nguvu ya hila hii. Mlango uliofungwa humwonyesha mtu aliyeufunga. Mlango unaofunguka polepole humpa lawama asiyehusika.

Jambo hili si geni, ingawa mitambo yake ni mipya. Mfano wake mmoja mkubwa uko katika Sudan Kusini, nchi jirani ya Kenya na Uganda, na mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016. Ukingoni mwa Mto Naili Mweupe uko mji wa Kodok, ambao zamani ukijulikana kwa jina la Fashoda. Tarehe 10 Julai 1898, Kapteni Jean-Baptiste Marchand wa Ufaransa aliwasili hapo baada ya safari ya miaka miwili kutoka pwani ya magharibi ya Afrika. Alikuwa na maofisa wachache wa Kifaransa na askari wapatao 120 kutoka Afrika Magharibi. Akapandisha bendera ya Ufaransa. Mwezi Septemba akafika Jenerali Kitchener wa Uingereza kutoka Omdurman, akiwa na meli za mizinga na jeshi kubwa zaidi, naye akapandisha bendera ya Misri. Makamanda hao wawili hawakupigana. Walikubaliana kwamba shauri hilo liamuliwe na serikali zao.

Lakini shauri likishapelekwa mbele ya serikali, silaha ya kwanza huwa ni taarifa. Kitchener alikuwa na waya wa simu uliokwenda kaskazini hadi Cairo, na kutoka huko hadi London. Marchand hakuwa na kitu. Kwa hiyo maelezo ya kwanza ya kukutana kwao ambayo serikali ya Paris iliyapata yalikuwa ya Kitchener, nayo yalipitia mikononi mwa Waingereza. Maelezo hayo yalisema kwamba Wafaransa walikuwa taabani, wamekatikiwa na mahitaji. Marchand, ambaye kikosi chake kilikuwa kimelima bustani na kina akiba ya chakula, hakuwa na njia ya kuyakanusha upesi. Ili Paris iweze kusema na kamanda wake yenyewe, ililazimika kuiomba serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikishindana nayo, ipitishe ujumbe kwa njia yake. Ofisa wa Marchand, Kapteni Baratier, alisafiri hadi Cairo na baadaye Paris, akafika mwishoni mwa Oktoba. Mwanzoni mwa Novemba Ufaransa iliamua kuondoka, na tarehe 11 Desemba 1898 kikosi kiliihama Fashoda.

Haitakuwa haki kusema kwamba ni waya peke yake ulioamua jambo hilo. Uingereza ilikuwa na manowari nyingi zaidi, na Ufaransa ilikuwa imegawanyika kwa mgogoro wa ndani juu ya kesi ya Kapteni Dreyfus. Hata hivyo, katika majuma yale ya mwanzo, ambapo maoni ya watu huumbwa, upande mmoja ulisema na upande wa pili ulingoja. Na yafaa kukumbukwa kwamba Washilluk, wenye nchi ile, hawakuwa na waya wala mjumbe mbele ya serikali yoyote ya Ulaya. Wakubwa waligombania ardhi yao, na sauti yao haikucheleweshwa tu, bali haikuulizwa.

Gharama ya ujumbe uliochelewa ilionekana wazi zaidi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 5 Agosti 1914, siku moja tu baada ya Uingereza kuingia vitani, meli yake iitwayo Alert ilizikata nyaya za Ujerumani zilizopita chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Siku tatu baadaye, tarehe 8, manowari ya Kiingereza Astraea iliushambulia mji wa Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa mtambo wa redio. Tangu hapo jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki lilipata habari za Ulaya kwa shida, na mara nyingi kwa kuziokota kutoka kwa adui.

Matokeo yake yalionekana nchini Zambia, ambayo wakati huo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Vita vilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Siku ya pili yake, karibu na Kasama, askari wa King's African Rifles na askari wa Jenerali von Lettow-Vorbeck walikuwa bado wanapigana. Jenerali huyo alipata habari za kusimama kwa vita tarehe 13, kutokana na barua aliyokutwa nayo tarishi wa Kiingereza wa pikipiki aliyetekwa. Alisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, tarehe 25 Novemba, akiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 pamoja na maelfu ya wapagazi. Karibu na Mto Chambeshi uko mnara wa kumbukumbu ya jambo hilo. Pande zote mbili mle porini walikuwako wana wa Afrika Mashariki, wakipigania ugomvi usiokuwa wao, hata baada ya wenye ugomvi kuumaliza. Hakuna aliyekusudia kuwachelewesha habari siku zile mbili. Ikiwa ucheleweshaji usiokusudiwa waweza kumgharimu mtu maisha yake, ule unaokusudiwa haustahili kuitwa mzaha wa wafanyabiashara.

Ndiyo maana tangu zamani mataifa yalijaribu kuweka sheria. Mwaka 1860 Bunge la Marekani, lilipotoa msaada wa kujenga waya wa simu hadi pwani ya Pasifiki, liliamuru kwamba ujumbe wa kila mtu upelekwe bila upendeleo, kwa zamu ya kupokelewa, isipokuwa ule wa serikali ambao ulipewa nafasi ya kwanza. Vita hivyo vya sheria viliendelea hadi zama za intaneti. Mwaka 2007 ilibainika kwamba kampuni ya Comcast ilikuwa ikizuia baadhi ya wateja wake kupeana mafaili kwa njia ya BitTorrent, na mwaka 2008 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliikemea. Mahakama ikatengua uamuzi huo mwaka 2010. Kanuni zikawekwa mwaka 2015, zikafutwa mwaka 2017, zikarudishwa mwaka 2024, na mwezi Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazibatilisha tena. Lakini hata wakati kanuni hizo zilipokuwa na nguvu, zilimtazama mwenye waya. Hazikumtazama mwenye ua, yaani kampuni isiyomiliki waya hata mmoja lakini ambayo mamilioni ya watu hupita kwake kwenda kutafuta habari.

Jambo hili linazihusu nchi za Afrika ya Mashariki kwa sababu maalumu. Katika nchi hizi intaneti kwenda polepole si ajabu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mawasiliano yakazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine jirani. Watu walingoja, wakalalamika, wakazoea. Penye mazoea ya kungoja, anayecheleweshwa kwa makusudi hawezi kujitofautisha na anayecheleweshwa na hali ya hewa, waya mbovu au umeme uliokatika. Mwizi hapendi mahali kama pale ambapo kila siku vitu hupotea vyenyewe.

Tofauti yake inaonekana nchini Uganda. Mwezi Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Facebook ilifunga akaunti kadhaa ilizosema zinahusiana na Wizara ya Habari ya nchi hiyo. Serikali ya Uganda nayo ikaufunga mtandao wa Facebook, na Rais Museveni akatangaza jambo hilo mwenyewe. Wako waliounga mkono upande mmoja na wako waliounga mkono upande wa pili. Lakini kila mtu alijua nani kamfungia nani, na kwa hiyo kila mtu aliweza kuhoji. Ucheleweshaji wa chinichini hauachi nafasi hiyo, kwa kuwa aliyedhulumiwa hajui kama amedhulumiwa.

Basi hila hii hugunduliwaje? Ile ya mwaka 2023 iligunduliwa kwa njia ambayo askari yeyote wa kikosi cha mawasiliano angeitambua. Anwani ile ile ilifunguliwa kwa njia mbili, mara moja ikipitia ua wa kampuni, na mara nyingine moja kwa moja, na saa ikatazamwa. Iliyokwenda moja kwa moja ilifunguka papo hapo. Iliyopitia uani ilisimama sekunde tano. Kisha anwani za wasio mahasimu zikapimwa kwa njia ile ile, zikapita bila kusimama. Waya mbovu haubagui kati ya rafiki na hasimu. Kinachobagua ni mkono wa mtu.

Katika chumba cha mawasiliano cha jeshi au cha polisi, kila ujumbe huandikwa saa uliyotumwa na saa uliyopokelewa. Kuruta huweza kudhani kwamba hiyo ni kazi ya makaratasi tu. Kumbe daftari lile ndilo linalomlinda mpiganaji aliyeko mbele, kwa sababu ujumbe ukichelewa, hujulikana ulichelewa wapi na mikononi mwa nani. Makampuni yanayoshika njia za habari za ulimwengu hayana daftari ambalo raia anaweza kulifungua. Mpaka yatakapolazimishwa kuwa nalo, wajibu wa kutazama saa ni wa wapitaji wenyewe. Ngojangoja huumiza matumbo, na huumiza zaidi pale anayengoja asipojua kwamba yuko mtu aliyemngojesha.