Nusu ya Sifuri

Mwaka 1915 Lucy Duff-Gordon alikuwa mbunifu wa mavazi anayetajwa London, Paris na New York. Miaka mitatu kabla yake alinusurika ajali ya meli ya Titanic, katika mashua ya watu 40 iliyoondoka na 12 tu. Alisemwa sana, lakini matajiri hawakuacha kuvaa nguo zake. Nguo ikiwa na jina lake iliuzika.

Jina hilo ndilo alilomkabidhi Otis Wood, wakala wa matangazo wa New York. Kuanzia tarehe 1 Aprili, Wood peke yake angetafuta kampuni za kulitumia, kwa ridhaa ya Lucy, na mapato wagawane nusu kwa nusu. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, uendelee hadi mmoja wao atoe notisi ya siku 90.

Muda si muda Lucy akaanza kuliuza jina kimyakimya, bila kumgawia Wood hata senti. Wood akaenda mahakamani.

Lucy akaweka pingamizi la awali: hata kama yote hayo ni kweli, mkataba haupo. Mimi nimejifunga, Wood je? Hakuna mstari unaomtaka afanye kazi yoyote. Angeweza kulala mwaka mzima asivunje kipengele hata kimoja. Na sheria ilitaka ahadi ijibiwe kwa ahadi: upande mmoja ukiwa huru, wa pili haufungwi. Hoja haikuwa ya kitoto. Katika rufani ya kwanza ilishinda.

Desemba 1917 shauri lilifika mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, mbele ya majaji saba. Benjamin Cardozo, aliyeandika hukumu, alikwenda kwenye vipengele ambavyo wengi huviruka. Wood aliahidi kutoa hesabu kila mwezi. Asiye na wajibu wa kufanya kazi atoe hesabu ya nini? Tena malipo yote ya Lucy yalikuwa ile nusu ya faida. Wood asipohangaika, Lucy angepata nusu ya sifuri, na kwingine amekwisha kujizuia. Wafanyabiashara wawili hawaketi wakakubaliana hivyo. Kwa hiyo ahadi ya Wood kujitahidi ipasavyo ilikuwamo, ingawa haikuandikwa.

Majaji wanne walikubaliana, watatu wakakataa. Hao watatu siwabezi: kuisomea karatasi neno lisilokuwamo ni jambo zito kwa mahakama. Miongo kadhaa baadaye kanuni za biashara za Marekani ziliuweka msimamo wa wale wanne kwa maandishi: anayepewa haki ya pekee ya kuuza bidhaa sharti afanye kila juhudi kuiuza, labda kama wamepatana vingine.