Hifadhi Ardhi Dodoma: Historia Fupi ya HADO

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu aliuita HADO, ulianzishwa mwaka 1973 chini ya idara ya misitu, Sweden ikisaidia fedha. Aliyekulia Kondoa miaka ile haulizi kwa nini. Milima ya Irangi ilikuwa imechanika makorongo ya kummeza mtu na ng'ombe wake, na kila masika mchanga ulishuka kufukia mashamba ya mabondeni. Eneo lililoumia zaidi lilifika kilomita za mraba 1,256 hivi.

Wapimaji walikuwa wametangulia. Anders Rapp na wenzake walichapisha mwaka 1972 vipimo vya mmomonyoko wa Dodoma, vikiwemo vya tope lililokuwa likijaza bwawa la Ikowa. Sisi wa HADO tulijua basi kwamba mvua kubwa chache zikikuta ardhi tupu ndizo zinazokomba udongo. Kazi yetu ikawa kuivika ardhi.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya jasho na furaha. Matrekta na magreda yalichimba makinga maji kwa kufuata kontua za mlima. Vitaluni, viriba vilijazwa udongo na samadi, kimoja kimoja, na miche ikamwagiliwa kabla jua halijawa kali. Makorongo yalipandwa mkonge na matete. Nawataja kwa shukrani Mbegu na Mlenge, walioandika kijitabu cha miaka kumi ya HADO mwaka 1983. Mlenge ndiye huyo huyo aliyekuja kuongoza mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kule Shinyanga, na sisi tunajivunia jambo hilo kama ndugu.

Makinga maji peke yake hayakutosha, kwa kuwa mifugo ilizidi malisho. Mwaka 1979 mifugo yote ya eneo lile la Kondoa lililoumia zaidi, ipatayo 90,000, ilihamishwa. Uamuzi ulikuwa mzito, na familia zilizoubeba zinastahili heshima yetu. Lakini ardhi iliitikia upesi kuliko tulivyotarajia! Nyasi zilirudi, zikafuata vichaka na visiki vya miombo vilivyochipua vyenyewe bila mche wetu hata mmoja. Mito ya mchanga ilitulia, wakulima wakapanda miwa na viazi vitamu kandokando yake, na mizinga ya nyuki ikapata maua ya karibu.

Yaliyofuata ni haya. Mwaka 1986 mifugo iliondolewa pia Mvumi, mkoani Dodoma. Mwaka 1989 ng'ombe wa kufugwa bandani waliruhusiwa Kondoa, na wanawake wengi wakaanza kukata majani ya malisho. Carl Christiansson wa Stockholm na Idris Kikula wa Dar es Salaam waliendeleza utafiti, na mwaka 1996 wakatoa kitabu cha matokeo. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 msaada wa Sweden ulikoma. Mwaka 2007 Profesa Kikula akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma.

Sasa misitu iliyochipua upya Kondoa imo mikononi mwa vijiji na halmashauri, na mvua za Dodoma hazitabiriki kama zamani. Ombi langu ni kwa vijana wa chuo hicho: nendeni Kondoa mkapime tena makorongo yale yale na mito ile ile, kila baada ya miaka michache, na matokeo yasomwe kwanza kwenye mikutano ya vijiji.